Stüssy na Dapper Dan: mizizi miwili ya mavazi ya mtaani

Ukiuliza mavazi ya mtaani yalianzia wapi, Marekani ya miaka ya 1980 inakupa majibu mawili. Laguna Beach, California, Shawn Stussy alikuwa akitengeneza mbao za kuteleza juu ya mawimbi na kuzitia saini kwa mwandiko wake wa harakaharaka. Saini hiyohiyo akaichapa kwenye fulana, ikawa chapa ya Stüssy. Zikavaliwa na vijana wa ufukweni, kisha madijei wa New York, London na Tokyo.

Harlem, kitongoji cha New York, mambo yalikuwa mengine kabisa. Mwaka 1982 Daniel Day, yaani Dapper Dan, alifungua duka mtaa wa 125, likawa wazi usiku na mchana. Alichapa nembo za kampuni za kifahari za Gucci, Fendi na Louis Vuitton kwenye ngozi bila ruhusa, mafundi wake wakawashonea marapa na mabondia. Jaketi alilomtengenezea mwanariadha Diane Dixon lilikuwa la manyoya, mikono imefura, nembo za Louis Vuitton zimetapakaa mikononi. Kampuni zikamwandama kisheria. Mwaka 1992 akafunga. Mwaka 2017 Gucci wakatoa jaketi linalofanana mno na lile, watu wakapiga kelele, na Gucci wakaishia kushirikiana na Dapper Dan.

Fulana ya Stüssy ni rahisi kuvaa, na bado inapendeza. Lakini mimi namweka Dapper Dan mbele: aliwavisha, kwa vipimo na ladha yao, watu ambao maduka ya kifahari yaliwapa kisogo. Stüssy naye aliigiza nembo ya Chanel kwa S mbili zilizopishana, na biashara yake haikufungwa.