Mafungo ya kimya ya siku 8 Bukavu: unapata nini, na uulize nini kabla ya kujiandikisha

Kwa anayetaka kujitawala, na zaidi kwa anayetamani kuwaongoza wengine kiroho, mafungo ya kuongozwa ya siku 8 (siku za kujitenga kwa sala na ukimya, ukiwa na mwongozaji) katika nyumba za mafungo za Bukavu yanazidi kwa mbali semina za wikendi. Msingi wake ni kitabu cha Mazoezi ya Kiroho cha Ignasio wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajezuiti, kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548. Aya ya 21 ya kitabu hicho inataja lengo waziwazi: mtu ajishinde mwenyewe na kuyapanga maisha yake bila kuburutwa na mivuto ya moyo isiyo na utaratibu. Mazoezi kamili huchukua siku 30 hivi, na kila Mjezuiti huyapitia katika unovisi, yaani mwanzo wa malezi yake ya kitawa. Mzee Munzihirwa, Mjezuiti na Askofu Mkuu wetu wa Bukavu aliyeuawa Nyawera, mjini humu, tarehe 29 Oktoba 1996, alitoka katika malezi hayo.

Siku moja ina vipindi vinne au vitano vya sala, kila kimoja saa nzima, juu ya fungu fupi la Maandiko. Saa hiyo haikatwi. Moyo ukikauka, aya ya 13 inakutaka uongeze dakika kidogo badala ya kuondoka mapema, na hapo ndipo kujishinda kunapoanza kweli. Kisha robo saa ya kuandika: wapi moyo uliwaka, wapi uliganda. Kipindi kingine kinaweza kurudi palepale. Wengi wanaharibu hapa kwa kusoma sura baada ya sura, wakatoka wamejua Biblia zaidi bila kujijua wao wenyewe.

Chombo kinachodumu hata ukisharudi nyumbani ni uchunguzi wa kasoro moja. Unachagua moja tu, tuseme hasira au ulimi. Asubuhi unaazimia kujilinda nayo. Baada ya chakula cha mchana unahesabu ulipoanguka na kutia nukta moja kwa kila anguko kwenye mstari wa kwanza kati ya miwili ya siku hiyo. Baada ya chakula cha jioni, kwenye mstari wa pili. Unalinganisha mstari na mstari, siku na siku, juma na juma. Ukianguka, unaweka mkono kifuani papo hapo, hata ukiwa katikati ya watu. Anayeshika kasoro tatu kwa pamoja huacha yote upesi, maana hesabu inamshinda.

Sasa mwongozaji, awe padri, sista au mlei. Kazi yake ni kutoa maelezo mafupi (aya ya 2), kusikiliza, na kumwacha Muumba ashughulike mwenyewe na kiumbe chake (aya ya 15). Hadai kujua dhambi zako. Anahitaji kujua mienendo ya moyo wako tu (aya ya 17). Ukiwaka sana, anakuzuia usiweke nadhiri ya haraka. Moyo ukiingia ukavu na giza, anakukataza kubadili uamuzi uliofanya kabla. Tunaliona jambo hili kuwa kipimo cha mwalimu yeyote wa kiroho: ameshinda hamu yake ya kusema? Anayekutabiria ndoa au safari siku ya pili, mwombe Mkuu wa nyumba akupe mwingine.

Kasoro za huduma zipo. Baadhi ya mafungo yanaitwa ya kuongozwa, kumbe ni mahubiri matatu kwa siku kwa umati, na saa ya kusali haibaki. Uliza mwongozaji ana watu wangapi: akimpa kila mmoja dakika 40, watu 6 tu ni saa 4 za kusikiliza. Zaidi ya hapo atachoka, na wa mwisho ndiye atakayeumia. Uliza pia kama atakusikiliza kwa Kiswahili, kwani yaliyo moyoni hayasemeki vizuri kwa Kifaransa cha ofisini. Ulizia kama mchango unajumlisha chakula. Kufunga kavu kusikuchanganye: aya ya 83 inaruhusu kupunguza chakula mradi mwili usidhurike, na mwenye njaa kali huenda akadhani kizunguzungu ni upako. Simu iachwe mapokezi. Beba tochi, umeme ukikatika bado kuna sala ya usiku.

Asiyeweza kuacha kazi au duka aombe mafungo ya maisha ya kila siku, kwa mujibu wa aya ya 19: saa moja na nusu kila siku nyumbani. Kwa kawaida huonana na mwongozaji mara moja kwa juma.