Nakala ya meli ya zamani: tezo na shoka, au mashine?

Kama kikundi chenu kinataka kujenga nakala ya chombo cha kihistoria cha mbao, swali linaloamua karibu kila kitu ni hili la zana: za mkono kama shoka na tezo (kishoka cha kuchongea mbao), au mashine.

Kuna kutumia zana za enzi ile tu. Roskilde kule Denmark walijenga hivyo nakala ya Skuldelev 2, meli ya Waviking ya karibu mita 30, kuanzia 2000 hadi 2004, magogo ya mwaloni yakapasuliwa kwa kabari kufuata nyuzi za mti badala ya kupitishwa msumeno, na hapo ndo utamu wenyewe ulipo manake ubao uliofuata nyuzi unaweza kuwa mwembamba na bado ukapinda bila kuvunjika, afu 2007 ikasafiri mpaka Dublin. Ila inakula mbao balaa, na bila fundi anayeijua kazi hamfiki.

Mashine ni haraka, na kwa watu wa kujitolea wanaokuja wikiendi tu hilo si jambo dogo. Hermione, nakala ya meli ya kivita ya Ufaransa ya karne ya 18, ilichanganya, umbo la kale ila na injini ndani, ikaanza kujengwa 1997, ikavuka Atlantiki 2015. (2021 wakakuta fangasi kwenye mbao, kwa hiyo hela ya matunzo itengwe mapema, njia yoyote ile.)

Mi nashauri mbao za ubavuni mpasue kwa mkono, mkuku (uti wa mgongo wa chombo) na mataruma (mbavu zake za ndani) vikatwe kwa mashine. Na vijana wapewe tezo mapema, wasiachiwe kufagia tu.