Pistoni ya chenso: ipi ununue, ipi uiache dukani

Chenso (msumeno wa mnyororo wa injini) ikinoki, yaani pistoni ikigandia ndani ya silinda, mwenye nayo hukimbilia dukani kuulizia pistoni. Haraka hiyo inaeleweka: kwa wapasuaji mbao wa Mafinga, Makambako au Njombe, mashine ikilala vibarua wanakaa bure na magogo yanabaki msituni. Lakini pistoni haichaguliwi dukani. Inachaguliwa kwa fundi, silinda ikiwa imeshafunguliwa na kufutwa, kwa sababu hali ya silinda ndiyo inayoamua kama ununue pistoni peke yake, seti nzima, au ringi tu (zile duara za chuma zinazoizunguka pistoni). Kwa hiyo mpangilio wangu hapa chini unaangalia silinda kwanza, bei baadaye.

Wengi waliozoea pikipiki au mashine za boti huulizia ovasaizi, yaani pistoni iliyozidi saizi ya kawaida. Kule silinda ina ukuta wa chuma, unachongwa na kuwekewa pistoni nene kidogo. Chenso nyingi haziko hivyo. Silinda yake ni aluminiamu iliyopakwa ndani tabaka jembamba na gumu sana, la kromu au la nikeli yenye chembe za silikoni kabaidi. Fundi akiichonga ameondoa tabaka lote, na pistoni ya aluminiamu itasugua aluminiamu tupu. Haifiki mbali.

Sasa, ile michirizi unayoiona ndani ya silinda baada ya kunoki, mara nyingi si mikwaruzo. Ni aluminiamu ya pistoni ya zamani iliyogandia ukutani, na inatoka. Chukua kostiki soda wanayotumia watengeneza sabuni, uimimine taratibu kwenye maji kidogo (usimimine maji juu ya soda), ukiwa umevaa glavu za mpira na miwani. Fanyia nje, bila moto wala sigara karibu, maana gesi inayotoka inawaka. Paka kwa kijiti chenye pamba juu ya michirizi tu, mbali na kingo za matundu, ambako aluminiamu iko wazi. Itatoa povu. Futa, paka tena. Povu likikoma na ukuta ukabaki laini, tabaka ni zima na silinda hiyo ni mali. Povu likiendelea kutoka palepale, soda imeshafika kwenye mwili wa silinda: acha mara moja, tabaka limekwisha. Suuza kwa maji mengi, kausha, pitisha oili. Kazi hii ndogo imewaokoa watu wengi na gharama ya silinda mpya, na ninasikitika kila ninapoona silinda nzima ya orijino imetupwa kwenye vyuma chakavu.

Namba 1: pistoni orijino ndani ya silinda yako ya zamani

Silinda ikipita jaribio hilo, hili ndilo chaguo langu la kwanza. Silinda iliyotoka kiwandani na mashine yako ina tabaka bora na matundu yaliyokatwa sawasawa kuliko seti nyingi za bei rahisi, kwa hiyo ukiiwekea pistoni orijino umerudisha mashine ilivyokuwa. Tatizo ni bei, na feki. Boksi lenye nembo si ushahidi, maana maboksi nayo yanachapishwa. Nunua kwa wakala anayekuandikia risiti yenye namba ya spea.

Namba 2: pistoni ya kampuni nyingine yenye jina

Hapa namaanisha watengenezaji kama Meteor wa Italia, na ringi za Caber, nazo za Italia. Kwa mtu anayepasua mbao kila siku, naiweka karibu sawa na ya kwanza, na bei huwa nafuu. Uishike mkononi kabla ya kulipa: mfereji wa ringi uwe safi bila mabaki ya kukatia, vipini vidogo vinavyozuia ringi isizunguke viwe imara, pini inayoishika pistoni kwenye konrodi (mkono unaoiunganisha na krenki) ipite kwa kusukumwa na kidole bila kucheza. Angalia pia sketi, yaani sehemu ya chini ya pistoni. Kama pistoni yako ya zamani ina madirisha pembeni na hii haina, iache.

Namba 3: seti nzima ya silinda na pistoni kutoka China

Inafaa pale tabaka lilipokwisha na silinda orijino imekushinda bei. Ubora unatofautiana mno, hata ndani ya duka moja. Ingiza kidole kwenye tundu la ekzosi na upapase kingo zake kwa ndani: zikiwa kali kama wembe zitakata ringi, na tabaka likiwa limeanza kubanduka pale, rudisha. Klipu zinazozuia pini isichomoke, zile zinazokuja na seti hizi, mimi sizitumii. Klipu ikichomoka injini ikiwa kwenye kasi, inachimba ukuta wa silinda na hela yote imepotea, kwa hiyo nunua klipu nzuri pembeni, ni kitu kidogo.

Namba 4: ringi tu

Kama pistoni haina alama na mashine imepungua nguvu tu, ringi zinatosha. Iingize ringi peke yake ndani ya silinda, isawazishe kwa kichwa cha pistoni, upime mwanya wa ncha zake kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya). Kwa silinda ya milimita 50, karibu milimita 0.2 ni sawa. Ringi mpya ikiacha mwanya mkubwa mno, saizi si yake au silinda imelika.

Pistoni iliyotumika siipangi kabisa. Hujui imepitia joto gani.

Popote unapokwenda kununua, iwe Kariakoo, Kirinyaga Road ya Nairobi au Kisekka ya Kampala, nenda na pistoni ya zamani na venia (kifaa cha kupimia upana). Jina la mashine halitoshi. Stihl MS 290, MS 310 na MS 390 zina umbo moja, lakini silinda zake ni milimita 46, 47 na 49. Husqvarna 61, 268 na 272 nazo ni ndugu: 48, 50, 52. Stihl 044 ya milimita 50 ilitoka na pini ya milimita 10, kisha ya 12, na ukikosea hapo pistoni haiingii kwenye konrodi yako. Mashine za mitumba zimeshabadilishwa silinda huko zilikotoka, kwa hiyo pima, usisome kibandiko.

Tena isome ile pistoni iliyokufa kabla hujatoa hela. Ikichubuka upande wa ekzosi tu, ilizidiwa na joto: huenda mpira unaounganisha kabureta na silinda umepasuka, au sili ya krenki inavuta hewa. Ikichubuka pande zote, petroli haikuwa na oili. Ikiwa ya kijivu isiyong'aa upande wa kabureta, vumbi limepita kwenye chujio. Ukiona imedonolewa kichwani, kipande cha ringi au cha beringi kimepita humo, na lazima ukitafute. Chanzo kisipoondolewa, pistoni orijino itakufa vilevile na ile ya bei rahisi.

Wakati wa kufunga, mshale wa kichwani mwa pistoni uelekee ekzosi. Ncha za ringi zikae kwenye vipini vyake. Mdomo wa klipu uangalie juu au chini, usikae ubavuni. Paka oili ya mipigo miwili kwenye ukuta, bana ringi, teremsha silinda moja kwa moja bila kuizungusha, maana ukizungusha ncha ya ringi inaingia kwenye tundu na kuvunjika.

Oili ni mililita 20 kwa kila lita ya petroli kama unatumia oili ya Stihl, yaani 1:50. Kwa oili nyingine ya mipigo miwili, Stihl wenyewe wanaelekeza 1:25, mililita 40. Oili ya injini ya gari, mpya au iliyotumika na kumwagwa, usiiweke kabisa.

Tangi la kwanza kata magogo madogo, usiache mashine ilie kwa kasi ya juu bila mzigo. Sauti ikiwa nyembamba na kali, fungua skrubu ya H (ya kabureta, inayorekebisha petroli ya kasi ya juu) kidogo kuelekea kushoto mpaka injini ikorome kidogo ikiwa tupu, na sauti inyooke mnyororo unapoingia kwenye gogo.