Picha za Farasi na Wapandaji: Karakana Moja ya Mji wa Kale

Anayetaka picha ya farasi wa mashindano hapa Mombasa hana milango mingi ya kubisha, kwa kuwa wachoraji wetu wamezoea majahazi, milango ya nakshi na Fort Jesus kuliko mnyama ambaye wengi humwona kwenye televisheni tu. Kwa sababu hiyo, karakana ndogo ya Mji wa Kale, ambayo hata kibao haina, inastahili kuelezwa kwa kirefu.

Nilimwagiza fundi amchore mpwa wangu akiruka kizuizi na farasi wake, nikampa picha za kamera za kufanyia kazi. Kilichonipendeza kwanza ni miguu. Kwa muda mrefu wachoraji wa Ulaya walimwonyesha farasi wa shoti akiwa amenyoosha miguu yote minne kwa pamoja, kama alivyofanya Théodore Géricault mwaka 1821 katika picha yake ya mbio za farasi za Epsom, Uingereza. Hadi mwaka 1878, mpiga picha Eadweard Muybridge alipopanga safu ya kamera kando ya njia huko California, ndipo ilipothibitika kwamba farasi huiacha ardhi kabisa wakati miguu imekusanyika chini ya tumbo. Kosa hilo la kale bado linauzwa madukani. Fundi huyu halirudii: farasi wake amekunja miguu ya mbele barabara, ameinua mgongo na kuinyoosha shingo, na nguvu ya mruko inaonekana wazi kwamba imetoka kwenye mapaja ya nyuma.

Mpandaji ndiye aliyenitia shaka. Katika mchoro wa awali wa mkaa alikuwa ameketi kama abiria wa bodaboda, ilhali mrukaji hujiinua kutoka kwenye tandiko, akasimamia vikuku, vile vyuma vya kukanyagia, huku visigino vikielekea chini, na mikono yake ikafuata kinywa cha farasi ili lijamu, kile chuma cha kinywani, isimuumize. Nilipomweleza, fundi hakubishana. Alifuta, akachora upya, na safari hii hatamu zikakaa zinavyopaswa. Uso, hata hivyo, umebaki kuwa wa mtu yeyote.

Katika rangi sina lawama. Ngozi yenye jasho huakisi kila kilicho karibu nayo, naye ameweka samawati hafifu mgongoni na wekundu wa udongo chini ya tumbo, badala ya kupaka kahawia moja mwili mzima. Ametumia rangi za mafuta, ambazo hukawia kukauka, kwa hiyo mwenye haraka asiende. Bei ilikuwa shilingi 28,000, nusu ikilipwa mwanzo.

Picha za dresaji, yale mashindano ya mwendo wa madaha, bado sizipendekezi. Katika zile zilizotundikwa pale, videvu vya farasi vimevutwa hadi kifuani, ilhali pua hutakiwa kuwa mbele kidogo ya mstari wa wima. Atakayeagiza ya kuruka apeleke picha iliyopigwa kwa mbali kiasi, kutoka ubavuni, usawa wa bega la farasi, kwa maana simu ikisogezwa karibu mno mbele ya farasi hukuza kichwa na kufupisha miguu, na fundi hufuata anachopewa.