Chuma cha kunyanyulia kwa klabu za visiwani: kipi kinahimili chumvi, kipi kinakufa mapema

Nauru ina kilomita za mraba 21 na watu wapatao 12,000. Barabara inayokizunguka kisiwa unaimaliza kwa miguu kati ya asubuhi na adhuhuri. Nchi hiyo ilipoingia Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa mara ya kwanza, Auckland 1990, Marcus Stephen aliondoka na dhahabu ya snachi, ule mnyanyuo wa kutoka chini hadi juu ya kichwa kwa mkupuo mmoja, katika uzani wa kilo 60. Victoria 1994 akabeba dhahabu tatu, na kuanzia 2007 hadi 2011 akawa rais wa nchi. Yukio Peter akaleta nyingine kutoka Delhi 2010, kilo 77. Majirani zao wa Kiribati walipata medali yao ya kwanza kabisa ya michezo hiyo Glasgow 2014, David Katoatau alipotwaa dhahabu ya kilo 105. Katoatau ndiye yule aliyekuwa akicheza ngoma jukwaani baada ya kunyanyua ili dunia ione bahari inavyokula kwao.

Nchi hizi hazina viwanja vya fahari. Zina chuma (ile fimbo ndefu ya kunyanyulia), sahani za uzito na ubao wa kukanyagia, na kifaa kinachoamua mengi kuliko vyote ni kile chuma. Tathmini hii inahusu chuma cha mashindano na seti yake, kwa jicho la klabu iliyo mita chache kutoka baharini. Nauru, Apia, Port Louis, Victoria ya Ushelisheli, na hata Unguja, Pemba, Mafia au Lamu, hewa ni ile ile.

Kwanza vipimo, kwa sababu hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganywa. Chuma cha wanaume kina kilo 20, urefu wa sentimita 220, na unene wa milimita 28 mahali pa kushika. Cha wanawake kina kilo 15, sentimita 201, milimita 25. Bomba la pembeni, pale sahani zinapoingia, ni milimita 50 kwa vyote viwili, na nafasi kati ya mabomba hayo mawili ni sentimita 131. Cha wanaume kina chale za kushikia hata katikati, cha wanawake katikati ni laini. Kibano kimoja cha kuzuia sahani zisitoke ni kilo 2.5. Sahani kubwa zina kipenyo cha milimita 450: nyekundu kilo 25, buluu 20, njano 15, kijani 10. Nyeupe ya mashindano ya kilo 5 ni ndogo zaidi. Ukikusanya jozi moja ya kila sahani hadi ile ya nusu kilo, pamoja na chuma na vibano, seti ya wanaume inafika kilo 190 na ya wanawake 185. Muuzaji akikutajia seti ya mashindano yenye jumla nyingine, muulize kilichopungua.

Mizani nayo si jambo dogo. Kanuni huruhusu kila kifaa cha zaidi ya kilo 5 kuzidi kwa asilimia 0.1 na kupungua kwa asilimia 0.05 tu. Kwa hiyo sahani ya kilo 25 haitakiwi kupungua hata gramu 13. Sahani za bei poa zinaweza kukosea kwa mamia ya gramu, na zikikutana nne upande mmoja, mnyanyuaji anafanya mazoezi na mzigo uliolalia bega moja bila kujua. Tangu 2005 uzito unaongezwa kwa kilo 1, basi hesabu za mazoezi zikiwa za kubahatisha, hata kuchagua uzito wa kuanzia kunakuwa kubahatisha.

Je, chuma cha kawaida cha jimu hakitoshi? Kwa kusukuma mzigo ukiwa umelala chali na kwa kuchuchumaa kinatosha. Kwa klini-na-jeki, mnyanyuo wa hatua mbili, kwanza mabegani kisha juu ya kichwa, hakitoshi. Chuma kizuri hunesa. Mnyanyuaji akishusha magoti kidogo ili asukume juu, sahani huchelewa kushuka, chuma kinapinda, kisha kinarudi juu na kumsaidia. Anayejua huingoja ile nafasi. Aliyezoea chuma kigumu cha milimita 30 hukutana na kunesa huku kwa mara ya kwanza siku ya michezo. Anasukuma mapema, mzigo unamrudia mabegani, na ana majaribio matatu tu. Kwa mtu aliyesafiri kutoka katikati ya Pasifiki, somo hilo linakuja kwa gharama kubwa mno.

Sasa chumvi. Vyuma vya rangi nyeusi, vile vinavyopendeza sana kwenye picha, visahau. Ule weusi ni ngozi nyembamba sana, na kwa hewa ya pwani utaona wekundu wa kutu haraka. Zinki ni afadhali: yenyewe huliwa kwanza na kukilinda chuma kilicho chini yake, na dalili kwamba inaliwa ni unga mweupe kwenye chale. Ukiona wekundu baada ya weupe huo, ulinzi umekwisha. Kromu ngumu, inayotumika sana kwenye vyuma vya mashindano, inadumu kuliko hizo mbili, lakini ina nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho. Chumvi ikipenya humo, kutu inatambaa chini kwa chini na kuibandua kromu kwa vigamba, na kigamba kimoja kinachana kiganja kama wembe. Stenlesi, ya ukoo mmoja na masufuria yasiyoshika kutu, ndiyo chaguo letu kwa kisiwa. Haina ganda la kubanduka, na chale zake zinabaki kali. Nayo huota madoa ya rangi ya chai ikiachwa bila kufutwa, ila madoa hayo yanatoka kwa brashi.

Mahali pa kuchungulia ni pale chuma kinapoingia kwenye bomba la pembeni. Weka tochi hapo. Kutu huanza kama punje moja ya majani ya chai, kwa sababu jasho na vumbi la magnesia hukusanyika kwenye ule mwanya na hakuna kitambaa kinachofika. Magnesia wanayopaka mikononi huvuta unyevu na kuushikilia, na ikijaa kwenye chale inakuwa kama unga uliolowa. Basi kila baada ya mazoezi: brashi ya nailoni kwa mwelekeo wa chale, kitambaa kikavu, kisha mafuta mepesi ya cherehani, matone machache kwenye kitambaa, ufute chuma chote. Mara moja kwa wiki, tone moja kila upande kwenye ule mwanya, halafu zungusha bomba.

Mafuta ya nazi yapo kila nyumba visiwani na vishawishi ni vingi. Usiyatumie. Yakichacha yanatoa asidi inayokula chuma, na yanashika vumbi. Mafuta ya kupikia yanageuka gundi. Dawa ya kupuliza ya kulegezea kutu nayo inaosha grisi iliyo ndani, chuma kinazunguka vizuri siku mbili kisha kinaanza kulia. Siki inatoa kutu kweli, lakini inaila zinki yote, kwa hiyo usiifikishe kwenye chuma cha zinki.

Kwenye kuzunguka kuna mabishano. Vyuma vya mashindano vina beringi za sindano ndani ya mabomba. Zinazunguka kama upepo, na snachi inahitaji hivyo, kwa maana chuma kikigoma kugeuka, mzunguko wote unaishia kwenye kifundo cha mkono. Lakini beringi ikipata chumvi inasaga, na kuifungua kunataka koleo la kutolea pete za kubana na mtu mwenye mkono mtulivu. Bushi ya shaba, yaani kipande cha bomba kisicho na sindano ndani, haizunguki kwa wepesi ule, ila inavumilia uchafu na inatengenezeka kwa fundi wa kawaida. Ushauri wetu kwa klabu: chuma kimoja cha beringi kwa wanaokwenda michezoni, kifungiwe ndani kikiwa kimelala, na vya bushi kwa kazi ya kila siku.

Ukiwa na fedha ya chuma kimoja tu cha maana, nunua cha kilo 15. Klabu nyingi hununua cha 20 na kuwaambia wasichana wavumilie. Mkono mdogo kwenye milimita 28 haufiki kufunga kidole gumba chini ya vidole vingine, na bila mshiko huo snachi nzito inateleza. Tena wanawake wa visiwa wanaleta medali: Ele Opeloge wa Samoa alimaliza wa nne Beijing 2008, na 2016, baada ya wawili kati ya waliomtangulia kunaswa na dawa, akapewa medali ya fedha, ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi yake. Roilya Ranaivosoa wa Mauritius alichukua medali ya fedha katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Gold Coast 2018 na Birmingham 2022. Chuma hicho hicho kinafundishia watoto wa jinsia zote.

Sahani hazihitaji maneno mengi. Chukua za mpira mpya, si wa matairi yaliyosagwa, na zisianikwe juani. Kile chuma cha katikati ya sahani kikianza kugonga, iondoe kwenye mzigo mzito. Na zile za mazoezi za kilo 5, pana na nyembamba, zisiangushwe peke yake kutoka juu ya kichwa, zinapinda, na kinachofuata kupinda ni chuma chenyewe.

Chuma kilichoidhinishwa na shirikisho la dunia kinauzwa bei ya vitatu au vinne vya kawaida, kabla ya meli. Nauru kwa miaka mingi haikuwa na bandari ya kina, meli zilifungwa kwenye maboya na mzigo ukashushwa kwa mashua. Mwambie muuzaji akifunge kwa plastiki iliyobana, kikiwa kimepakwa mafuta, ndani ya bomba gumu, si katoni tupu. Kikifika, usisaini kabla ya mambo matatu: kiweke juu ya viegemeo viwili, ukizungushe polepole na utazame ncha, ikiyumba kimepinda, zungusha kila bomba na usikilize mkwaruzo, kisha kitie kwenye mizani ya kuaminika. Cha kilo 20 kikionyesha chini ya kilo 19.99, kirudi na mashua iliyokileta.