Ukivuka Lungalunga: Lushoto au Kilwa?

Sisi wa Mombasa tukivuka mpaka pale Lungalunga, mawazo yote huwa Zanzibar. Bara ya Tanzania twaipita tu dirishani.

Lushoto ni karibu. Unafika Tanga, kisha Mombo, halafu gari linaipanda milima ya Usambara kona baada ya kona. Huko juu, mita kama 1,400, jioni utatafuta sweta. Barabarani kina mama wanauza plamu kwenye ndoo ndogo, na ukisimama Irente unaiona nyika ya Mazinde imetandazwa chini kama jamvi.

Kilwa ni safari hasa: Dar kwanza, kisha kilomita kama 300 kusini. Kata kibali Kilwa Masoko, ndipo uvuke kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani, kisiwa cha magofu ya mji wa kale, alikofika msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Msikiti Mkuu ni wa mawe ya matumbawe. Ukiingia chini ya makuba yake, aliyezoea magofu ya Gede, kule karibu na Malindi, atajiona yuko kwao. Joto lake, usiulize.

Mwenye siku 3 aende Lushoto. Mimi nikipata wiki, ni Kilwa, hata kwa basi la alfajiri.