Groups.io kwa chama cha mtaa: barua zinafika, kauli iko kwa nani?

Bei kwanza, maana najua ndilo mtakaloniuliza. Groups.io, huduma ya mtandaoni ya kuendesha orodha ya barua pepe ya kikundi, haitozi kitu ikiwa kikundi hakijapita watu 100. Sisi tumepita, kwa hivyo tunalipa, tena kwa dola na kwa kadi. Mhazini wetu alifungua kadi ya GlobalPay ndani ya M-Pesa yake akalipa jioni ile ile. Nilimshukuru, kisha nikamwambia hatulali hivi hivi, kwani kadi ni yake na laini ni yake.

Mimi ni katibu wa chama cha watu wa Kuze, Mji wa Kale, Mombasa. Wengi wetu hatukai tena Kuze. Wako walio Dubai, Leicester na Toronto, na wako walio Kisauni, ambako kwa foleni ya daraja la Nyali nako ni safari. Kundi la WhatsApp tunalo. Huko hupita tanzia, picha za Idi na ile dua moja ya asubuhi inayotumwa na watu watano. Lakini suala la nani akarabati roshani iliyooza, au barua ya kurasa mbili kuhusu nyumba ya wakfu, hilo huendi nalo WhatsApp, litazama kabla ya adhuhuri. Halafu jaribuni kufikiri hili: admini wa mwisho akitoka kundini, WhatsApp yenyewe humchagua mwanakundi yeyote ikampa uadmini. Kwa chama chenye katiba na uchaguzi, hiyo ni kichekesho.

Barua pepe ndizo zenye mambo. Humo mna mabishano ya 2011, Fort Jesus ilipoingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO na kila mtu akawa bingwa wa chokaa na boriti.

Zamani orodha yetu ya barua pepe ilikaa kwenye seva ya kampuni moja ya kukodisha, ikiendeshwa na Mailman, ile programu huria ya GNU ya kuendesha orodha za barua. Mailman sina neno nayo, ila toleo lile la zamani lilikuwa likituma ukumbusho wa paswadi kila tarehe mosi, na paswadi yenyewe imeandikwa mle mle, waziwazi. Kilichotuponza ni kwingine. Jina la anwani yetu ya intaneti lilisajiliwa kwa jina la kijana aliyetusaidia mwanzo, na bili ikawa yaenda kwenye barua pepe ya kazi yake ya zamani. Kijana akapata ajira Doha. Jina likaisha muda, orodha ikanyamaza. Nikaipigia kampuni: hatuzungumzi na asiye mwenye akaunti, mama. Na walikuwa na haki! Katika karatasi zao chama hakikuwepo. Alikuwepo mtu mmoja tu. Mzee wetu wa Leicester akanipigia, "Mwatutupa, mwanangu?"

Watu wa Majengo watanielewa upesi. Kule unaweza kumiliki nyumba, ukairithisha na wanao, na kiwanja kikawa cha mwenyewe unayemlipa kila mwezi. Siku akikitaka kiwanja chake, kuta zako utazibeba vipi?

Kwa hivyo nilipokuwa nikitafuta pa kuhamia, sikuangalia sana kama barua zinafika upesi. Zinafika kote. Niliangalia mambo mawili: je, tunaweza kuwa na wenye mamlaka zaidi ya mmoja, na je, tukitaka kuondoka tutatoka na vitu vyetu?

Hapo Groups.io imeniridhisha. Aliyeianzisha, Mark Fletcher, ndiye aliyeanzisha ONElist, huduma ya orodha za barua pepe ya zamani, iliyoungana na eGroups, ambayo Yahoo iliinunua 2000 ikawa Yahoo Groups. Yahoo Groups ikafungwa Desemba 2020, baada ya kutangazwa mwaka mmoja nyuma kwamba maandishi na picha zilizowekwa kwenye tovuti yake zitafutwa. Fletcher alikuwa ameshaanza Groups.io tangu 2014. Inaendeshwa kwa ada za vikundi vinavyolipa, matangazo ya biashara hamna.

Sasa tuna wamiliki watatu: mimi, mhazini, na dada yetu wa Toronto, ambaye saa zake ni za usiku wetu, faida kubwa barua ya matusi ikiingia saa nane za usiku. Chini yao wako wasimamizi wanaoweza kupewa kazi moja tu, kwa mfano kuidhinisha barua za wageni. Kila alichofanya msimamizi kinaandikwa kwenye kumbukumbu, hivyo barua ikifutwa hatuulizani ni nani. Barua zote za kikundi zinashushwa kwa faili la mbox, linalosomeka na programu za barua pepe, na majina ya wanachama kwa faili la csv, yaani jedwali. Nazishusha kila mwisho wa mwezi nikazitia kwenye flashi inayokaa kabati la chama, si nyumbani kwangu.

Nisichokipenda ni anwani. Inaishia groups.io, basi tukihama kila mzee atafundishwa anwani mpya. Kutumia jina letu wenyewe ni kwa mpango wa bei ya juu, na chama cha mtaa hakiuwezi. Pia hii ni kampuni ya Marekani, ilhali mbele ya sheria ya Kenya ya kulinda data ya 2019 wenye kujibu kuhusu majina ya wanachama ni sisi. Kwa hivyo hatuweki humo namba za vitambulisho wala orodha ya wanaopokea zaka. Mtu mmoja aliteta. Tukamwacha atete.

Google Groups niliitazama pia. Ni bure, na nako wamiliki wanaweza kuwa wengi. Ikiwa chama chenu hakina hata shilingi ya kutoa, nendeni huko na roho zenu zitulie, ila mmiliki mmojawapo awe akaunti ya chama, isiwe ya mtu binafsi. Ifungueni kwa jina la chama. Na mwenye fundi wa seva wa kuaminika achukue Mailman ya kisasa, maana hapo hata barua zinakaa kwake. Lakini kabla ya fundi kugusa chochote, sajilini jina la intaneti linaloishia .or.ke kwa cheti cha chama, bili iende kwa maafisa wawili.

Groups.io naipa nyota nne.